Dawa na Chembe za Kinga katika Utumbo Mpana

Ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana ni maradhi ya muda mrefu. Huanzia sehemu ya mwisho ya utumbo, karibu na njia ya haja kubwa, na huweza kupanda hadi ukaenea utumbo mpana wote. Utando wa ndani huvimba na kuchubuka. Mgonjwa huharisha damu na kamasi, huumwa tumbo na kupungukiwa damu. Maradhi haya si vidonda vya tumbo, wala si kuhara damu kunakoletwa na amiba au bakteria, na hayaambukizi. Chanzo chake hakijafahamika kikamilifu. Linalofahamika ni kwamba chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kuulinda mwili, hujazana katika ukuta wa utumbo na kuudhuru.

Chembe hizo hufikaje utumboni?

Limfositi, ambazo ni aina mojawapo ya chembe nyeupe, husafiri katika damu. Baadhi yake zina protini iitwayo integrini alfa-4 beta-7 juu ya utando wake wa nje. Katika mishipa midogo ya damu ya utumbo imo protini nyingine, MAdCAM-1. Protini hizi mbili huoana kama ufunguo na kufuli: zikishikana, limfositi husimama, hupenya ukuta wa mshipa na kuingia utumboni. Dawa iitwayo vedolizumabu ni kingamwili iliyotengenezwa maabarani ili iishike integrini hiyo. Limfositi haiuawi, huzuiwa kupenya tu.

Jaribio kwa wagonjwa

Matokeo ya jaribio kubwa la dawa hiyo yalichapishwa mwaka 2013. Wagonjwa 374 waligawanywa kwa kura: 225 walipewa dawa, na 149 dawa bandia. Si wagonjwa wala madaktari wao waliojua nani amepewa nini. Baada ya wiki 6, asilimia 47.1 ya waliopewa dawa walikuwa wamepata nafuu. Kwa waliopewa dawa bandia ilikuwa asilimia 25.5. Robo nzima, basi, walipata nafuu bila dawa, kwani maradhi haya hupanda na kushuka yenyewe. Kama lingehesabiwa kundi la kwanza peke yake, dawa ingesifiwa kwa nafuu isiyo yake.

Je, maelezo hayo yanatosha?

Ikiwa dawa hufunga njia, limfositi zingetarajiwa kupungua utumboni. Ili kulihakikisha hilo, watafiti walichunguza vipande vidogo vya utando wa utumbo vilivyochukuliwa kabla ya tiba na wakati wa tiba. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019, wingi wa limfositi za aina ya T haukuonekana kubadilika. Mabadiliko makubwa yalikuwa katika makrofaji, yaani chembe zinazomeza vijidudu. Kwa hiyo, yaelekea dawa hii hufanya kazi kwa njia zaidi ya ile iliyokusudiwa. Mgonjwa kupata nafuu ni jambo moja. Usahihi wa maelezo ya nafuu hiyo ni jambo jingine, na kila moja huhitaji ushahidi wake.

Maswali

1. Ni wagonjwa wangapi waliopata nafuu katika kila kundi?
2. Kwa nini vipande vya utando vilichukuliwa pia kabla ya tiba?
3. Eleza hatari ya dawa inayodhoofisha kinga ya mwili mzima, ukiilinganisha na inayolenga utumbo.