Tufundishe Dini, Tusihubiri

Ndugu walimu,

Uislamu ulifika Buganda mwaka 1844, wamisionari Waprotestanti wakaja 1877 na Wakatoliki 1879. Leo mjini Kampala msikiti uko juu ya kilima cha Kibuli, makanisa makuu yako Namirembe na Rubaga, na hekalu la Wabahai liko Kikaaya. Watoto wa waumini hao hukaa darasa moja. Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 7, inasema Uganda haitakuwa na dini ya serikali.

Hata hivyo, katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi mtoto hujibu maswali ya Ukristo au ya Uislamu. Basi aweza kumaliza shule bila kujua jirani yake anaamini nini. Pengo hilo ni juu yetu kuliziba.

Tufanyeje? Kwanza, tuseme "Waislamu huamini", "Wakristo huamini"; tusiseme "sisi" na "wao". Pili, kila dini tuieleze hivi kwamba muumini wake akisikia atakubali. Tatu, tusimsimamishe mtoto mmoja aitetee dini yake mbele ya wenzake. Nne, maksi zitolewe kwa ujuzi, si kwa imani.

Mzazi ametukabidhi mtoto tumsomeshe. Kumbadilisha dini si kazi tuliyoajiriwa.