Msitu Huu ni wa Nani?

Somo kwa wazee, wenyeviti na walimu wa vijijini

Watu wakaao karibu na msitu husema mara nyingi, "Msitu ule ni wa Serikali." Neno hilo likisha kusemwa, mazungumzo hukoma papo hapo, maana wengi hudhani ya kuwa kitu cha Serikali hakiwahusu wao. Katika somo hili twataka kuonyesha ya kwamba neno hilo mara nyingi si kweli, na ya kwamba kijiji kisichojua msitu ni wa nani hupata hasara mbili: hupotewa na msitu wenyewe, tena hupotewa na fedha za msitu. Twawaomba wenyeviti, wazee na walimu walisome polepole, kisha wawasomee wale ambao hawakupata kujifunza kusoma.

1. Wakala wa Misitu na kazi zake

Utunzaji wa misitu kwa sheria za Serikali si jambo jipya katika nchi hii. Wadachi walitoa sheria yao ya misitu mwaka 1904, na Waingereza wakatoa yao mwaka 1921. Nia kubwa ya sheria hizo ilikuwa kuweka mipaka ya misitu na kumzuia mtu asiingie kukata bila ruhusa. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 kazi iliendelea chini ya Idara ya Misitu. Mwaka 2002 ikatungwa Sheria ya Misitu, Namba 14, nayo ndiyo iliyofungua mlango mpya kwa wanakijiji, kama tutakavyoeleza. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ambao watu huuita TFS, uliundwa mwaka 2010 ukaanza kazi mwaka 2011, nao u chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Kazi zake ni za Tanzania Bara. Zanzibar wana utaratibu wao.

Kazi za Wakala huu ni nyingi, lakini kubwa ni hizi. Kwanza, hulinda misitu ya hifadhi iliyo mali ya Serikali Kuu. Pili, hupanda na kutunza mashamba ya miti, mathalani lile shamba kubwa la Sao Hill katika wilaya ya Mufindi, litoalo mbao, nguzo na miti ya kutengenezea karatasi. Tatu, hutoa vibali vya kuvuna, na hati za kusafirishia mazao ya misitu. Gogo lililokatwa kwa haki hupigwa alama kwa nyundo, ili lijulikane njiani kuwa si la wizi. Nne, hutafuta mbegu nzuri za miti na kuotesha miche. Tano, husaidia wafugaji wa nyuki, kwa kuwa asali na nta ni mavuno ya msitu yasiyohitaji shoka.

Mtu akiuliza, "Kwa nini msitu wa mlimani ulindwe, hali sisi twahitaji mashamba?" na ajibiwe kwa habari ya maji. Mto Ruvu hupata maji yake katika milima ya Uluguru, na maji hayo ndiyo wanywayo watu wa Dar es Salaam. Mto Zigi hutoka katika misitu ya Amani, Usambara Mashariki, nao hunywesha mji wa Tanga. Msitu huipokea mvua, huizuia isikimbie na udongo, kisha huitoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Mlima ukiwa uchi, mvua hushuka kwa siku moja pamoja na tope, na baadaye mto hukauka.

2. Hesabu ya nchi

Baada ya kazi ya kuhesabu misitu iliyofanywa nchi nzima, taarifa ilitolewa mwaka 2015. Ilionekana ya kuwa Tanzania Bara ina hektari milioni 48.1 za misitu, yaani zaidi ya nusu ya nchi kavu yote. Msomaji asifurahi upesi. Ilionekana pia ya kuwa miti iwezayo kuvunwa kila mwaka bila kuumiza msitu ni mita za ujazo milioni 42.8, lakini mahitaji ya watu ni mita za ujazo milioni 62.3.

Maana ya hesabu hiyo ni nyepesi kwa mfugaji. Ni kama mtu ambaye ng'ombe zake huzaa ndama 43 kwa mwaka, naye huchinja 62. Mwaka wa kwanza jirani zake watamwona tajiri, kwa kuwa nyama haikosi nyumbani kwake. Lakini kila mwaka anakula ndama wote waliozaliwa, pamoja na mama zao kadha wa kadha. Mwisho wa mambo yake wajulikana.

Hesabu hiyo ilitoa na habari nyingine ipasayo kukumbukwa zaidi ya zote: karibu hektari milioni 22 za misitu hiyo zi katika ardhi ya vijiji. Sehemu hiyo ni kubwa kuliko ile iliyo mikononi mwa Serikali Kuu. Basi yule asemaye "misitu yote ni ya Serikali" amekosa. Sehemu kubwa kuliko zote ni ya wanakijiji, nao wengi hawajui.

3. Aina za misitu

Kwa sheria ya mwaka 2002 misitu ni ya aina nne.

(a) Misitu ya hifadhi ya Taifa, ambayo Wakala huitunza.

(b) Misitu ya hifadhi ya serikali za mitaa, ambayo hutunzwa na halmashauri ya wilaya.

(c) Misitu ya vijiji.

(d) Misitu ya watu binafsi, kama shamba la miti la mkulima mmoja.

Katika misitu ya aina mbili za kwanza, wanakijiji jirani waweza kufanya mkataba na mwenye msitu, wasaidiane kulinda na kugawana faida. Utaratibu huo ni mwema, lakini yafaa kusema kweli: katika mahali pengi vijiji vililinda kwa miaka mingi huku sehemu yao ya faida haijawekwa wazi, tena msitu wa vyanzo vya maji hauruhusiwi kukatwa, kwa hiyo mapato yake ni machache. Kijiji kinachotaka mkataba wa namna hiyo na kiulize mapema: tutapata nini, kiasi gani, na lini? Jibu na liandikwe kabla ya kutia sahihi.

Katika misitu ya vijiji mambo ni mengine. Hapa kijiji ndicho mwenye mali. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya msitu wa kijiji uliotengwa kwa sheria na ule ulioachwa hivi hivi. Msitu ulioachwa hivi hivi, mfanyabiashara akija na kibali chake kutoka mjini, ada hulipwa kwa Serikali na ushuru kwa halmashauri. Kijiji huenda kisibakiwe na kitu ila visiki na vumbi la lori. Msitu uliotengwa kuwa Hifadhi ya Msitu wa Ardhi ya Kijiji, kijiji chenyewe hutunga sheria ndogo, hupanga mavuno, na mapato yake huwa ya kijiji. Miti ni ile ile, ardhi ni ile ile. Kilichozidi ni karatasi na mkutano.

4. Habari ya Duru-Haitemba

Katika wilaya ya Babati, ambayo zamani ilikuwa katika mkoa wa Arusha na sasa imo katika mkoa wa Manyara, kuna vilima vya miombo viitwavyo Duru-Haitemba. Ukubwa wake ni kama hektari 9,000, navyo vimezungukwa na vijiji vinane. Serikali ilikusudia kuufanya msitu huo kuwa hifadhi yake. Watu waliposikia ya kuwa msitu utachukuliwa, wengine wakaanza kukata upesi upesi, kila mmoja akijisemea moyoni, "Heri nipate leo, maana kesho hautakuwa wetu." Hivyo jambo lililonuiwa kuuokoa msitu likawa lauangamiza.

Katika miaka ya 1990 mabwana misitu wakaacha shauri la kwanza, wakaketi na wanakijiji, wakawauliza kama wao wenyewe wataweza kuutunza. Kila kijiji kikatwaa upande wake wa msitu, kikaweka mipaka, kikachagua vijana wake kuwa walinzi, kikatunga sheria zake. Kuchoma mkaa na kufyeka mashamba ndani ya msitu kukakatazwa. Mambo kama kuokota kuni kavu yakaruhusiwa kwa taratibu. Walinzi hao hawakuwa askari wa Serikali, bali watoto wa pale pale, ambao wanajua kila njia na kila mwizi kwa jina lake. Miti ikachipua tena mahali palipokuwa pameharibiwa.

Wazee walisema, "Fimbo ya mbali haiui nyoka." Afisa mmoja mwenye pikipiki moja hawezi kuangalia maelfu ya hektari usiku na mchana. Huduma kubwa ambayo Wakala na halmashauri waweza kumfanyia mwenyeji ni kumfundisha na kumpa nguvu ya sheria, ili fimbo iwe karibu.

5. Kuvuna si kuharibu

Wako wadhanio ya kuwa msitu uliotengwa haukatwi tena kamwe. Sivyo. Katika wilaya ya Kilosa, tangu mwaka 2012, vijiji kadha vilisaidiwa na mashirika ya hifadhi kuvuna mkaa kwa mpango. Sehemu ya msitu iliyotengwa kwa mkaa hugawanywa katika miraba ya mita 50 kwa 50, kama ubao wa drafti. Mraba mmoja hukatwa, na ule ulio ubavuni mwake huachwa. Visiki having'olewi, ili vichipue, na mraba uliokatwa hupumzishwa miaka 24. Ukingoni mwa mito na penye mteremko mkali hapakatwi. Fedha zilizolipwa kijijini zimetumika katika kazi za watu wote, kama shule, afya na maji.

Kilwa nako, mwaka 2009, misitu ya vijiji ilipata cheti cha kimataifa cha utunzaji bora, kikiwa cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili iliyo mikononi mwa wanakijiji. Hivyo mpingo, ambao hutengenezewa ala za muziki na vinyago, ukaweza kuuzwa na kijiji chenyewe kwa jina jema.

6. Njia ya kufuata

Kijiji kitakacho kutenga msitu wake na kifuate hatua hizi kwa utaratibu, wala kisiruke moja.

Kwanza, mipaka ya kijiji ijulikane na kukubaliwa na vijiji jirani. Ugomvi wa mpaka ukiachwa nyuma, huja mbele ukiwa mkubwa zaidi.

Pili, kijiji kichague Kamati ya Maliasili, wanaume kwa wanawake. Wanawake wasisahauliwe, maana wao ndio waendao kuni na maji, nao hujua hali ya msitu kuliko wengi wakaao barazani.

Tatu, kamati pamoja na afisa misitu watembee mpakani, watie alama, wahesabu miti, waandike ipi itavunwa na ipi itaachwa.

Nne, mpango wa utunzaji na sheria ndogo zisomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, watu waulize, wabishane, kisha wakubali.

Tano, sheria ndogo zipelekwe kwa halmashauri ya wilaya zipate kuthibitishwa. Sheria isiyothibitishwa haina nguvu mahakamani, na mwizi mwenye wakili ataicheka.

Sita, msitu uandikishwe wilayani.

Baada ya hayo yote iko hatari moja tuliyopenda kuitaja mwisho ili ikumbukwe. Msitu uliookoka mikononi mwa wageni waweza kuliwa na kamati yenyewe. Faini zikitozwa bila stakabadhi, na magogo yakiuzwa bila mkutano kujua, watu watarudia neno lao la zamani, ila safari hii watasema, "Msitu ule ni wa kamati." Dawa yake ni kusoma hesabu mbele ya mkutano mkuu kila robo mwaka. Mali bila daftari huisha bila habari.

Maswali ya darasani

Mwalimu akipenda, na awaulize wanafunzi maswali haya, kisha wakayaulize nyumbani kwa wazee wao:

1. Msitu ulio karibu nasi ni wa aina gani kati ya zile nne, na nani ajuaye mpaka wake?

2. Kwa nini watu wa Duru-Haitemba walikata miti waliposikia ya kuwa italindwa?

3. Mto tunywao maji yake hutoka wapi, na mahali hapo pana miti au hapana?

4. Gogo lililopita njiani mwezi uliopita lilikuwa na alama ya nyundo? Fedha zake zilikwenda wapi?

Mtoto akirudi shuleni bila jibu la swali la nne, yafaa wazee waitishe mkutano.