Kwa nini kiharusi huathiri fikira na kumbukumbu

KIHARUSI kikitajwa, wengi huwaza mkono uliolegea, mguu unaoburutwa na mdomo uliokwenda upande. Mgonjwa akianza kutembea tena, jamaa hushukuru Mungu na kusema amepona.

Lakini baada ya wiki au miezi kadhaa huanza kushangaa. Baba aliyekuwa hodari wa hesabu hawezi kujumlisha deni la duka. Mama hutia chumvi mara mbili na kusahau nambari yake ya siri ya M-Pesa. Hapo maneno huanza: ni uzee, ni ukaidi, amerogwa. Huenda si lolote kati ya hayo. Huenda ni ubongo uliojeruhiwa, na ukielewa jinsi unavyojeruhiwa utajua la kufanya.

Damu ikikosekana

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Hauna ghala la kuiweka akiba. Mshipa ukizibwa na bonge la damu au ukipasuka, seli huanza kufa katika dakika chache. Mwaka wa 2006 daktari Jeffrey Saver wa Marekani alikadiria kuwa mshipa mkubwa ukiziba na mgonjwa asitibiwe, seli za neva milioni 1.9 hufa kila dakika.

Seli zinazokufa humwaga kemikali iitwayo glutameti. Ikiwa kidogo, husaidia kupitisha ujumbe. Ikizidi, huwa sumu kwa seli jirani. Kisha chembe za ulinzi huja kusafisha mabaki na kuleta uvimbe ambao waweza kudumu kwa muda mrefu. Hii ni sababu mojawapo ya fikira kuzidi kufifia hata baada ya mgonjwa kurudi nyumbani.

Palipoumia ni wapi?

Wagonjwa wawili hawafanani kwa sababu kila sehemu ya ubongo ina kazi yake. Kwa watu wengi, jeraha la upande wa kushoto huharibu lugha. La upande wa kulia laweza kumfanya mtu aache chakula kilicho kushoto mwa sahani, ingawa macho yake ni mazima. Sehemu ya mbele ikiumia, kupanga mambo na kujizuia huwa shida. Hipokampasi ndiyo hutunza kumbukumbu mpya. Ikiumia, mgonjwa hukumbuka harusi yake ya zamani lakini si mgeni wa jana.

Hata jeraha dogo laweza kuleta hasara kubwa likipata thalamasi, kituo cha katikati kinachopokea na kusambaza ujumbe. Fikiria transfoma ya mtaa: ikiharibika, nyumba za mbali hukosa stima ingawa nyaya zao hazina kasoro.

Zaidi ya hayo, shinikizo la damu na kisukari huharibu mishipa midogo kwa miaka mingi, na kuleta viharusi vidogo visivyohisiwa. Nyuzi zinazounganisha sehemu za ubongo hukatika moja baada ya nyingine, na mtu huwa mzito wa kufikiri.

Unaloweza kufanya

Kwanza, zuia kiharusi cha pili. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka wa 2009 ulionyesha kuwa karibu mtu 1 kati ya 10 hupata upungufu mkubwa wa akili baada ya kiharusi cha kwanza. Baada ya kiharusi kingine, walio na hali hiyo huzidi 1 kati ya 3. Kwa hivyo usiache dawa za shinikizo kwa kuwa unajisikia vizuri. Pima sukari, acha sigara, punguza chumvi na tembea kila siku.

Pili, usikate tamaa mapema. Karibu thuluthi moja ya waliopata kiharusi hupatwa na huzuni kubwa, nayo hufanana sana na usahaulifu lakini hutibika. Maambukizi, kukosa usingizi na baadhi ya dawa pia huvuruga fikira. Mrudishe mgonjwa kliniki, na umweleze daktari mabadiliko uliyoyaona na yalipoanza.

Tatu, msaidie ubongo kujifunza upya, kwa maana seli zilizobaki huweza kujenga njia mpya. Mpe jambo moja kwa wakati mmoja. Zima redio mnapozungumza. Andika dawa na saa zake ukutani. Mwachie kazi anazoziweza, hata kama ni kuchambua mboga tu. Mambo ya pesa na shamba yashughulikiwe mbele yake, akiwa na mtu anayemwamini.

Mwisho, usiruhusu mgonjwa wako aitwe mchawi au mwendawazimu. Huko Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Jirani akiuliza, mweleze bila haya: ni ugonjwa wa ubongo, nao una daktari wake.