Mjamzito na Rangi ya Nywele: Ya Kufanya na ya Kuacha

Kliniki ya wajawazito haikosi mama aliyeacha mvi zimemjaa kichwa kizima kwa sababu jirani amemwambia rangi itamzalia kilema. Halali usiku. Anahesabu siku tangu alipopaka boksi moja kabla hajajua ana mimba. Kwenye benchi hilohilo amekaa mwenzake mwenye maua ya piko mpaka viwikoni, ngozi imeanza kutoa malengelenge, na hawezi kuniambia kilichomo kwenye unga aliopakwa kwa sababu alifungiwa kwenye kijikaratasi. Hofu imekaa kwa asiyepaswa kuogopa, na anayepaswa kuogopa hana habari. Wote wawili wana akili zao timamu. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia waziwazi. Haya, sikilizeni.

FANYA: Subiri wiki 12 za mwanzo zipite

Ndizo wiki ambazo moyo, ubongo na viungo vya mtoto vinaumbwa. Rangi ya kawaida ya nywele hupenya kichwani kwa kiasi kidogo mno, na wataalamu wa uzazi kwa jumla huiona kuwa salama kwa mjamzito. Hata hivyo subiri. Nywele haziendi popote, na kichefuchefu ulichonacho hakihitaji harufu ya amonia juu yake. NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, nayo huwaambia wanaotaka tahadhari zaidi wangoje wiki 12. Mwezi wa nne ukiingia, nenda saluni.

USIFANYE: Usijitese kwa rangi uliyopaka kabla hujajua

Binti mmoja alikuja analia, anauliza kama atoe mimba kwa sababu alipaka rangi mwezi wa kwanza. Aliyemtisha ni shoga yake, si daktari. Rangi ya nywele si sababu ya kutoa mimba. Anayekutisha muulize huyo mtoto mwenye kilema alimwona wapi, kwa macho yake. Kisha umeze vidonge vya foliki na madini ya chuma, ulale ndani ya chandarua na uje upimwe shinikizo la damu. Hayo ndiyo yanayookoa mimba, na ndiyo mnayoyaruka huku mkibishana kuhusu nywele.

FANYA: Soma boksi lote

Rangi ya kudumu kwa kawaida huja katika sehemu mbili: moja ina rangi, mara nyingi pamoja na amonia, nyingine ina haidrojeni peroksaidi. Zikichanganywa, rangi hujitengeneza ndani ya unywele wenyewe. Rangi nyingi nyeusi na kahawia hutegemea kemikali iitwayo parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD; kwenye boksi huandikwa p-Phenylenediamine. Umoja wa Ulaya umeiwekea ukomo: mchanganyiko unaofika kichwani usizidi asilimia 2 ya kemikali hiyo, na kuipaka kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa.

Boksi la kuaminika lina jina la kiwanda, orodha ya viambato, tarehe ya mwisho wa matumizi na dakika za kukaa nayo. Likikosa kimoja, lirudishe dukani. Na usidanganywe na maneno ya mbele ya boksi. Rangi isiyo na amonia imepungukiwa harufu tu, PPD inaweza kuwa imo. Iliyoandikwa "asilia" nayo igeuze nyuma usome.

USIFANYE: Usiguse piko

Piko ni rangi ya nywele. Nalisisitiza kwa sababu Mombasa, Lamu, Unguja na Dar es Salaam limegeuzwa pambo la mikono na miguu, na wengi wanaolipaka wanadhani ni ndugu wa hina. Unga ule kazi yake ni kutia unywele weusi, na weusi huo ni wa PPD. Ukifungwa kwenye kikaratasi hakuna anayejua una kiasi gani, muuzaji wala mpakaji. Ni kemikali kali iliyowekwa moja kwa moja juu ya ngozi, ikaachwa ikauke.

Hina halisi utaitambua. Hutoa rangi ya chungwa, kisha hukolea kuwa kahawia nyekundu, na huhitaji saa kadhaa. Kinachotoka cheusi tii baada ya nusu saa si hina, hata mpakaji aape. Hakuna mhina unaotoa rangi nyeusi. Akikuambia ana "hina nyeusi", mshukuru, vaa buibui lako uende.

Mama mmoja alipakwa piko siku ya harusi. Mikono ikavimba kidogo, ikawasha, ikapona, akasahau. Mwaka uliofuata akiwa na mimba ya miezi sita alipaka rangi ya boksi, ya dukani, yenye maandishi yote. Kulipokucha macho yalikuwa yamefumba kwa uvimbe, masikio yanachuruzika maji, na mume anatetemeka kuliko mgonjwa. Rangi ya boksi haikuwa na kasoro. Mwili wake ulikuwa umeshafundishwa na piko kuikataa PPD, na mwili ukishaikataa huikataa maisha. Kama uliwahi kuwashwa na piko, hata mara moja, hata utotoni, rangi nyeusi za kudumu si zako tena. Mwambie msusi. Mwambie mkunga aandike kwenye kadi yako.

Kuna balaa kubwa zaidi. PPD ikimezwa huvimbisha koo mpaka pumzi ikate, huvunja misuli, na huua figo. Madaktari wa Sudan wameandika juu ya sumu hiyo tangu miaka ya 1980. Huko unga huo huchanganywa na hina ili ikolee haraka. Basi kwa nini nauona umekorogwa kwenye kikombe cha chai, umewekwa chini ya kitanda, na mtoto wa miaka miwili anacheza humo ndani? Utupe. Na kikombe ukitupe.

FANYA: Jaribu kwenye ngozi saa 48 kabla

Tone dogo nyuma ya sikio au kwenye mkunjo wa kiwiko, kwa namna boksi linavyoelekeza. Subiri siku mbili nzima. Pakiwasha au pakiwa pekundu, shughuli imekwisha. Usiniambie umepaka miaka kumi bila tatizo: mzio huja hata mwaka wa kumi na moja, na ujauzito hubadilisha ngozi. Msusi anayekataa jaribio kwa sababu ana foleni, mwachie foleni yake.

USIFANYE: Usipake kichwa chenye vidonda

Kinachoizuia kemikali isiingie mwilini ni ngozi nzima ya kichwa. Umetoka kuweka dawa ya kulainisha nywele, imekuunguza, kuna magamba: hapo mlango uko wazi. Dawa na rangi visikutane siku moja. Acha wiki mbili, na kama vidonda bado vipo acha zaidi. Umefumua rasta zilizokaza mpaka vipele vikatoka kwenye paji? Subiri vipone.

FANYA: Punguza kinachogusa ngozi

Glavu, dirisha wazi, dakika zilizoandikwa na si moja zaidi, kisha osha kichwa mpaka maji yatoke meupe. Unaweza kutia rangi vishungi tu, kuanzia juu kidogo ya ngozi. Rangi inayobaki kwenye unywele haina njia ya kufika kwenye damu. Usipake nyusi wala kope kwa rangi ya nywele. Macho huharibika.

USIFANYE: Usinyooshwe nywele kwa dawa za moshi

Zile zinazoitwa keratini, zikipigwa pasi ya moto zinatoa moshi unaochoma macho. Nyingi hutoa formaldehidi, gesi inayojulikana kusababisha saratani, na chumba kizima kinaivuta. Kwa hili sikupi wiki ya kusubiri. Mpaka ujifungue.

FANYA: Kama wewe ndiye msusi, jilinde mara mbili

Mteja hupaka mara moja kwa miezi miwili, wewe unashika rangi kila siku. Glavu mpya kwa kila kichwa, si ile ya jana iliyooshwa. Changanya rangi karibu na dirisha. Usilie chakula pale unapokorogea. Keti kila unapopata nafasi, maana miguu ya mjamzito haikuumbiwa kusimama tangu asubuhi hadi saa mbili usiku. Mwenye saluni anayekunyima kiti, mwambie mbele ya wateja.

FANYA: Ukitaka hina, paka hina, na utuachie kucha

Hina halisi ya majani, iliyokorogwa kwa maji, ndimu au chai, haina ubaya kwa mama mwenye afya, kichwani wala miguuni. Lakini wingi wa damu tunauangalia kwenye viganja, kwenye kucha na ndani ya kope la chini. Ukija umejaa rangi kila mahali, weupe wa upungufu wa damu unajificha. Kipimo cha oksijeni nacho hubanwa kwenye kidole, na rangi nyeusi ya kucha inaweza kukidanganya. Ukitokwa na damu nyingi usiku wa kujifungua, au ukipelekwa kwa upasuaji, hatuna muda wa kukukwangua. Kuanzia mwezi wa nane acha kucha zote na viganja vikiwa vitupu. Maua yapande mguuni.

Wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na huku pwani wako wengi, hina waiache kabisa.

USIFANYE: Usikoroge hina na petroli

Wala mafuta ya taa, wala thina ya rangi za nyumba. Najua hukoleza. Mvuke wake unaingia mapafuni mwako, na ngozi iliyochomwa hunywa kila kitu.

USIFANYE: Usimpake hina mtoto mchanga

Bibi atasema ndiyo mila, kwamba siku ya arobaini mtoto hupambwa pamoja na mama yake. Mpambe mama. Mtoto mwenye upungufu wa G6PD akipakwa hina, hata ile halisi, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kupasuka kwa wingi. Anageuka manjano, mkojo unakuwa mweusi, ananyong'onyea. Ngozi yake ni nyembamba na hina hupita. Watoto wengi hawapimwi G6PD wanapozaliwa, kwa hiyo huwezi kumtazama wako ukajua. Shikamoo bibi, mikono ya mtoto haipakwi.

FANYA: Kimbia hospitali, usipige simu kwa shoga

Midomo au ulimi ukivimba, sauti ikikauka, kifua kikibana, uso ukivimba, malengelenge yakienea: ondoka sasa hivi. Mtoto aliyemeza unga wa rangi asilazimishwe kutapika wala asinyweshwe maziwa njiani; mbebe uende hata kama anacheka, kwa sababu koo linaweza kuvimba baadaye. Mtoto mchanga mwenye manjano baada ya kupakwa hina aende siku hiyohiyo. Chukua boksi, kikaratasi au kikombe kilichobaki, na umwambie wa mapokezi kwa sauti: mjamzito, amepaka rangi, saa ngapi. Usiseme umekula samaki kwa kuona aibu, tutakutibu ugonjwa mwingine.