Mtoto wa Nasari na Kiingereza: Tuanzie Wapi?

Somo hili ni la walimu wa nasari na wazazi wa Lamu, Pate na visiwa vyetu vingine.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Tulikaa na mtoto wa miaka mitano, tukamwonyesha picha ya macho. "Haya ni nini?" Akajibu upesi, "Mato." Tukamwambia, "Sivyo, sema macho." Kabla hajalimeza hilo, tukaandika ubaoni "eyes" tukamtaka asome. Akanyamaza. Siku mbili hakuja. Tulipomwendea nyumbani, bibi yake akatuuliza, "Kwani mato si macho?" Hatukuwa na jibu.

Mtoto wa hapa haji mikono mitupu. Nyumbani husema Kiamu, Kipate au Kibajuni. Ana mai na kitwa na ndia zake. Chuoni ameshika herufi za Kiarabu, zinazoandikwa toka kulia. Basi akianzia mstari upande wa kulia asiitwe mjinga, amefuata alichofundishwa. Mchoreeni jahazi dogo upande wa kushoto wa karatasi, mwambieni linang'oa nanga hapo. Limetusaidia kuliko kufoka.

Sasa hicho Kiingereza. Wazazi wanakitaka na wana haki. Mama mmoja alitwambia wazi, "Kiswahili tunacho nyumbani, mimi nalipia Kiingereza." Tulimjibu hivi: kusoma ni kutambua kwamba herufi ni sauti, na mtoto akishalijua hilo katika lugha anayoielewa, hatalianza upya katika nyingine. Kiswahili chafaa kwa kazi hiyo, maana a ni a popote. Kiingereza sivyo, a ya "cat" si a ya "cake". Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilishapendekeza madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo, na mtaala wa umilisi ulioanza nchini 2019 umefuata njia hiyo. Lakini si mnajua, mbio za Kiingereza ni zile zile.

Kiingereza kianze masikioni. Nyimbo, michezo, amri ndogo ndogo kama "come" na "sit down", wiki nyingi bila kuandika. Wakati huo huo herufi zianzie kwenye jina la mtoto mwenyewe, kisha ma, mi, mu, kwa kidole kwenye sinia la mchanga. Mchanga hatununui.

Akiweza kusoma "baba" na "meza", mpeni maneno ya Kiingereza ambayo herufi zake zinakaribia sauti alizozoea: pen, bed, net, ten. Atasema "peni" na "neti". Msimcheke, Kiswahili chenyewe kimeyapokea hivyo hivyo. "Boat" lisubiri, atalisoma "boati", na kwa kanuni anazozijua yuko sawa. Na ile chati ya herufi yenye picha ya tofaa? Wengi wao hawajaliona tofaa. Punda wanapishana naye kila kichochoro, chukueni d ya "donkey".

Neno la nyumbani lipokeeni kwanza, kisha semeni, "Kitabuni huitwa macho." La Kiingereza lije siku nyingine.

Yule mtoto wetu alirudi. Siku hizi akiona picha ile hutwambia yote matatu kwa mpigo, na huanza na mato.