Kasimamishwa kabla ya kuhojiwa

SWALI: Beki wetu hapa Malindi, Unguja, amesimamishwa kwa madai ya kumpiga refa. Hajaitwa hata kuhojiwa. Ni haki hiyo?

JIBU: Kusimamishwa kwa muda si dhulma, ndugu yangu. Dhulma huanza pale mwisho wa muda huo usipotajwa.

Septemba 2015 kamera zilimnasa Juma Nyosso wa Mbeya City akimdhalilisha John Bocco wa Azam. Siku chache tu baadaye, akafungiwa miaka miwili na kutozwa faini ya shilingi milioni 2. Picha ilikuwa wazi. Lakini picha huthibitisha kosa, haipimi ukubwa wa adhabu, na hapo ndipo mshtakiwa anapopaswa kusikilizwa.

Kwenu pengine hakuna kamera. Refa ndiye mlalamikaji, na ripoti yake ndiyo ushahidi! Basi ombeni kwa maandishi: mashtaka, nakala ya ripoti za refa na kamisaa, na tarehe ya kikao. Kifungu cha 12 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinalinda haki ya kusikilizwa na kukata rufaa. Mashahidi waandike maelezo sasa, kabla hawajasahau. Na muda wa rufaa uangalieni leo kwenye kanuni za ligi. Klabu nyingi huchelewa hapo.