Kuchuja Oili Chafu

Ukisimama Msamvu, mjini Morogoro, mahali ambapo njia ya kutoka Dar es Salaam inagawanyika, moja ikielekea Dodoma na nyingine Iringa, utayaona malori mengi yakipita mchana na usiku. Karibu yote hutumia dizeli. Yote pia hutumia oili, yaani mafuta mazito ya kulainisha injini. Baada ya kila kilometa elfu kadhaa oili hiyo lazima ibadilishwe. Fundi hujilaza chini ya gari, huweka karai, hufungua nati ya chini ya injini, na oili humwagika. Ilipotiwa ilikuwa na rangi ya asali. Sasa inatoka nyeusi kama masizi.

Je, ni kitu gani kilichoifanya iwe nyeusi? Je, inaweza kusafishwa? Wako watu wasemao kwamba oili hii ikichujwa nyumbani kwa kitambaa hugeuka kuwa dizeli, nayo huweza kutiwa katika trekta au mashine ya kusaga. Dizeli ni ghali, na oili chafu mara nyingi hutolewa bure. Kwa hiyo neno hilo linavutia. Katika somo hili tutalipima neno hilo kwa majaribio.

Oili hufanya nini ndani ya injini?

Sugua viganja vyako pamoja kwa nguvu na kwa haraka. Unahisi nini? Viganja hupata joto kwa sababu ya msuguano. Ndani ya injini vipande vya chuma husuguana mara maelfu kila dakika. Bila oili vingepata moto, vingelika, na mwisho vingeshikamana. Oili hukaa katikati yao kama utando mwembamba.

Lakini oili ina kazi nyingine, ambayo watu wengi huisahau. Huosha. Dizeli inapoungua huacha masizi, na oili huyachukua masizi hayo yasigande juu ya chuma. Huchukua pia chembe ndogo za chuma zilizolika, maji kidogo, asidi, na mafuta ambayo hayakuungua. Viwandani oili hutiwa dawa maalumu. Nyingine zina madini kama zinki na kalisi, na nyingine huyafanya masizi yaelee ndani yake bila kutuama. Kumbuka jambo hili, maana tutalihitaji baadaye.

Jaribio la kwanza: kuchuja maji

Mvua kubwa inyeshapo katika milima ya Uluguru, Mto Morogoro huteremka ukiwa na rangi ya udongo. Teka maji ya tope katika ndoo, ya mto au ya dimbwi lolote. Chukua chupa ya plastiki, ikate kitako, kisha igeuze mdomo uelekee chini. Ziba mdomo kwa pamba. Juu ya pamba weka mchanga mwembamba uliooshwa vizuri, kisha mchanga mnene, kisha changarawe. Mimina maji ya tope polepole, na uyakinge katika bilauri. Mimina maji mengine ya tope kupitia kipande cha khanga kuukuu, uyakinge katika bilauri ya pili. Linganisha bilauri hizo mbili.

Maji yaliyopita katika mchanga ni meupe zaidi. Maji yaliyopita katika khanga yameacha majani na vijiti tu. (Usiyanywe maji yo yote kati ya hayo. Maji maangavu huweza kuwa na vijidudu.)

Sasa osha chupa yako, ziba mdomo wake kwa pamba safi, na uchuje maji safi yaliyochemshwa na kutiwa chumvi. Yaonje. Je, chumvi imebaki katika pamba? Haikubaki. Chumvi imeyeyuka, na kitu kilichoyeyuka hupita katika chujio pamoja na maji.

Jaribio la pili: kuchuja mafuta

Usitumie oili ya gari katika jaribio hili. Oili chafu huingia katika ngozi, nayo ina sumu ambazo huweza kuleta saratani kwa mtu anayeishika mara kwa mara kwa miaka mingi. Tumia mafuta ya kula. Kwangua masizi laini kutoka katika kitako cha sufuria, uyatie katika mafuta, ukoroge mpaka yawe meusi. Gawanya mafuta hayo katika vyombo viwili. Chombo cha kwanza kifunike na ukiweke kando kwa muda wa wiki moja. Mafuta ya chombo cha pili yachuje kwa khanga iliyokunjwa mara nne.

Utaona mambo mawili. Kwanza, mafuta yanachukua muda mrefu kuliko maji, kwa sababu mnato wake ni mkubwa. Ukiyaweka juani kwanza, yatapita upesi zaidi. Pili, na hili ndilo kubwa, mafuta yaliyopita bado ni meusi.

Kwa nini? Tuangalie vipimo. Unywele wa mtu una unene upatao sehemu 70 za elfu ya milimeta. Chembe ya masizi ndani ya oili kwa kawaida haifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimeta. Matundu ya khanga ni makubwa kuliko chembe hiyo mara nyingi sana. Kuyazuia masizi kwa kitambaa ni kama kuzuia unga kwa tenga la nyanya linaloteremshwa kutoka Mgeta. Tenga huzuia nyanya. Unga hupita wote.

Baada ya wiki moja kitazame chombo cha kwanza. Huenda masizi mengi yametuama chini. Katika oili ya gari mambo si hivyo. Ile dawa tuliyoitaja huyafanya masizi yaendelee kuelea, na pipa lililoachwa kwa miezi bado litakuwa jeusi juu hata chini. Maji na chembe nzito za chuma hutuama, masizi laini hayatuami.

Injini ya dizeli huichomaje?

Chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu la mbele kwa kidole, usukume mpini kwa nguvu mara kadhaa, kisha ishike pampu karibu na tundu. Ina joto. Hewa ikibanwa hupata joto. Mjerumani Rudolf Diesel, aliyezaliwa mwaka 1858, aliitumia kanuni hii kuunda injini isiyohitaji cheche. Injini yake ya kwanza iliyofaulu vizuri ilijaribiwa mwaka 1897. Ndani ya silinda hewa hubanwa mpaka joto lake hupita digrii 500 za sentigredi. Hapo mafuta hunyunyizwa ndani, nayo huwaka yenyewe.

Injini hii haichagui sana. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini moja ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Hivyo basi, yule asemaye kwamba oili huweza kuwaka katika injini ya dizeli hakusema uwongo. Huwaka. Swali ni gharama yake.

Mafuta hunyunyizwa kwa kupitia matundu membamba sana, mengi yakiwa na upana wa karibu sehemu mbili za kumi ya milimeta au pungufu. Pampu inayoyasukuma imeundwa kwa vipande viwili vya chuma vilivyokaribiana mno, nafasi kati yao ikiwa elfu chache tu za milimeta. Chembe za chuma zikipita hapo huchubua kama msasa. Maji hutia kutu. Asidi hula. Tena oili ni nzito kuliko dizeli, hainyunyiziki kuwa ukungu laini, bali hutoka kwa matone makubwa ambayo hayaungui yote. Na yale madini ya zinki na kalisi hayaungui kabisa. Hubaki kuwa majivu ndani ya silinda, au hutoka na moshi.

Sasa fikiri juu ya mashine ya kusaga katika kijiji cha mlimani kisichofikiwa na umeme. Mwenye mashine amepewa madumu ya oili na fundi wa mjini. Ameichuja kwa kitambaa, akaichanganya na dizeli, na mashine ikaunguruma. Kwa wiki kadhaa anahesabu faida. Kisha moshi unakuwa mweusi, mashine inakuwa ngumu kuwaka asubuhi, na siku moja pampu inakufa. Pampu mpya inauzwa mjini, tena kwa bei inayopita faida yote. Wakati huo akina mama wanajitwika mahindi, wanateremka mlima kwenda kusaga kijiji cha jirani, na kupanda tena na unga kichwani. Na siku zote hizo moshi wenye madini ulikuwa ukitoka karibu na unga wa kuliwa.

Hatari ya moto

Wengine hupasha oili moto jikoni ili ipite upesi katika chujio na maji yatoke. Usifanye hivyo kamwe, wala usikae karibu na mtu anayefanya hivyo. Oili mpya haitoi mvuke wa kuwaka mpaka ipate joto la digrii 200 hivi. Dizeli huutoa ikipita digrii 55 hivi. Petroli huutoa hata katika baridi ya kugandisha maji. Oili chafu huweza kuwa na petroli ndani yake, na jicho haliwezi kuiona. Aidha maji yaliyo ndani yakichemka hurusha mafuta nje ya chombo, juu ya moto.

Watu wa Morogoro hawahitaji kuambiwa sana juu ya mvuke wa petroli. Tarehe 10 Agosti, 2019, lori la kubeba petroli lilipinduka karibu na Msamvu. Watu walikusanyika kuchota mafuta yaliyomwagika. Moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Walikuwa wakitafuta lita chache za mafuta.

Oili ikimwagwa

Kama oili haifai kuwa dizeli, je, imwagwe mtaroni? Fuata njia ya maji. Mitaro ya mji huelekea Mto Morogoro na vijito vingine. Mto Morogoro huingia Ngerengere, Ngerengere huingia Ruvu, na Ruvu huenda Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Kabla ya kufika baharini, maji ya Ruvu huvutwa kwa mabomba kwa matumizi ya Dar es Salaam. Tone lililomwagwa gereji halijapotea, limeanza safari.

Mafuta huelea juu ya maji na kutandaa mno. Mmarekani Benjamin Franklin aliandika mwaka 1774 jinsi alivyomimina mafuta yapatayo kijiko kimoja cha chai katika bwawa karibu na London, yakatandaa eneo la nusu ekari, ambalo ni zaidi ya robo ya kiwanja cha mpira. Utando kama huo huzuia hewa isiingie majini, na samaki huihitaji hewa hiyo. Nguzo za uzio zinazopakwa oili ili mchwa wasizile nazo huoshwa na mvua, na sumu huingia udongoni.

Njia iliyo bora ni kuihifadhi oili katika pipa lenye kifuniko, isichanganywe na maji wala petroli, mpaka ipelekwe kwa wakusanyaji wenye kibali. Katika nchi mbalimbali viwanda vya saruji huitumia kama kuni, kwa kuwa ndani ya tanuri lao joto hupita digrii 1,400, na majivu hubaki ndani ya saruji. Viwanda vingine huikeneka: huipasha joto ndani ya chombo kilichopunguzwa hewa, mvuke wa oili hupanda na kupozwa kuwa oili safi, masizi na madini yakabaki chini. Kwa njia hiyo oili hurudi kuwa oili, tena nzuri. Tofauti kati ya kukeneka na kuchuja ni ile ile uliyoiona ulipoonja maji ya chumvi.

Maswali

1. Kwa nini oili ya injini ya dizeli hugeuka nyeusi upesi, na kwa nini weusi huo si dalili kwamba oili haikufanya kazi yake?
2. Taja vitu viwili vilivyomo katika oili chafu ambavyo hutuama, na kimoja ambacho hakituami. Eleza sababu.
3. Mwenye mashine ya kusaga huokoa shilingi 8,000 kila wiki kwa kuchanganya oili na dizeli. Pampu yake inaharibika baada ya wiki 20, na pampu nyingine inauzwa shilingi 350,000. Je, amepata faida au hasara, na ya shilingi ngapi?
4. Ungetumia njia gani kupata maji safi kutoka katika maji ya chumvi? Kwa nini mchanga hautoshi?
5. Pamoja na mwalimu wako, tembelea gereji iliyo karibu na shule. Uliza oili chafu huwekwa wapi na huchukuliwa na nani. Kisha fuata mtaro ulio karibu na gereji hiyo, uchore ramani ya njia ya maji yake mpaka mtoni.